Mbuzi Anakabwa Kweli

Wiki iliyopita tuliuacha mlango wa chumba cha sauti ukifunguka taratibu, na kivuli cha mtu tusiyemjua kikiingia kabla ya mwenyewe.

Mwenyewe akaingia.

Alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua ilhali nje jua lilikuwa linachoma. Aliurudisha mlango kwa kisigino, akasukuma komeo, akatoa nyundo kotini bila haraka, kama fundi aliyeitwa kuja kutengeneza meza.

"Usisimame," alisema. "Endelea na kazi yako."

Sauti Saba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kidirisha, kipaza sauti mkononi. Chini yake ukumbi ulikuwa umefurika watoto hadi kwenye vijia, na nyuma yao wazazi, ambao walijidai wamekuja kuwasindikiza watoto lakini wao ndio waliocheka zaidi. Kwenye skrini, Baba Tumbo alikuwa anahangaika kumvalisha mbuzi gauni la shangazi.

"Inua mguu, shangazi," Sauti Saba alisema kwa ile sauti nene ya Baba Tumbo, jasho likimtiririka mgongoni. "Na mwingine. Na mwingine. Kwani una miguu mingapi wewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, shika haya machache. Sauti Saba ni mfasiri wa filamu. Anakaa nyuma ya ukumbi mdogo wa familia yao na kuwasemea watu wa kwenye skrini kwa lugha ambayo watoto wa mtaa wanaielewa. Filamu ya leo ni ile ya bibi mzee anayeolewa tena, na siku ya harusi mbuzi wa nyumbani anaimeza pete. Familia haitaki aibu, kwa hiyo inampeleka mbuzi harusini akiwa amevishwa kama shangazi. Baba, mama, bibi, mapacha wawili, daktari na mbuzi. Saba. Wote wanatoka katika koo moja.

Mwezi uliopita, mtu alilichoma moto ghala lililo ubavuni mwa ukumbi. Moto ulikula ukuta, ukala nyaya na spika za projekta, ndiyo maana mikanda sasa ni bubu na hata mlio wa mbuzi lazima utoke mdomoni mwa mfasiri. Moto huohuo uliyaunguza macho ya binti yake.

Lakini kabla moto haujawaka, Sauti Saba alisikia mtu nyuma ya ukuta akiamrisha, "Mwaga yote." Uso hakuuona. Sauti aliinasa. Aliwaambia polisi kwamba anaweza kuitoa vilevile ilivyo, na kesho watu wa mtaa wameitwa kituoni waje kuisikiliza, waseme ni ya nani.

Sasa unajua nyundo ilifuata nini.

"Unajua kwa nini nimechagua saa hii?" mgeni aliuliza, akijipangusa jasho kwa mkono wa koti. "Usiku ungepiga kelele, majirani wangetoka. Lakini hapa, ukipiga kelele watadhani ni filamu. Wakicheka kwa nguvu, hakuna atakayesikia mfupa ukivunjika."

Sauti Saba alizima swichi ya kipaza sauti. "Nani kakutuma?"

"Washa hicho. Ukinyamaza nashuka na nyundo hii mpaka mstari wa mbele. Yule wa bandeji si wako?"

Sauti Saba akaiwasha swichi.

Ndiye wake. Mtaa mzima ulimwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake, ingawa tangu moto ule kengele haikulia tena. Kesho asubuhi alikuwa anapelekwa kupasuliwa macho. Leo alikuwa amekaa mbele kabisa, bandeji imezunguka kichwa, akiitazama filamu kwa masikio.

Asubuhi ya leo, baba yake alipokuwa akimfunga kamba za viatu, alikuwa ameuliza swali moja.

"Baba, mwishoni wanampasua mbuzi?"

"Sikwambii."

"Babu amesema angepewa yeye, pete ingetoka zamani."

"Babu yako alikuwa muuza nyama. Ukimpa kuku akulelee vifaranga, utakuta mchuzi."

Hakucheka. "Lakini wakimpasua, ataamka?"

Hapo ndipo Sauti Saba alipoelewa kwamba hawakuwa wakiongea habari za mbuzi.

"Mara zote hatufiki mwisho," Kengele alisema. "Mara umeme unakatika. Mara moto."

"Leo tutafika, hata dari lidondoke. Na sitakusimulia mimi. Akiamka, mbuzi atalia mwenyewe, utamsikia kwa masikio yako."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Ahadi ndogo, msomaji, ya mtu anayefunga kamba za viatu. Na sasa nyundo ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Nasubiri kicheko," alisema mgeni.

Sauti Saba alifikiri upesi. Kama kicheko ndicho kitakachomuua, basi asichekeshe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuomba Mungu ukumbi usicheke.

Kwenye skrini, Baba Tumbo alikuwa anateleza kwenye sabuni, mbuzi mgongoni, gauni likimfunika macho.

"Mimi ni baba wa familia," Sauti Saba alisema kwa sauti kavu, iliyopoa kama uji wa jana. "Leo ninatafakari maisha. Maisha ni magumu."

Baba Tumbo akaingia kichwa kichwa kwenye kabati la vyombo.

Ukumbi ulilipuka. Watoto walipiga viti kwa viganja. Baba mmoja mstari wa katikati alikuwa anafuta machozi kwa tai yake.

Nyundo ikashuka.

Alikwepesha kichwa, ikampata mkono wa kushoto uliokuwa juu ya meza. Vidole viwili vilipasuka kama njugu. Mdomo wake ulikuwa kwenye kipaza sauti, na ukelele uliotoka ulikuwa ukelele wa mtu aliyeona kifo, ila kwenye skrini Baba Tumbo alikuwa ndiyo kwanza amedondokewa na sufuria.

Watoto wakashangilia. "Rudia," mmoja alipaza sauti.

Mgeni alitabasamu. "Unaona? Kazi yangu umeifanya rahisi."

Lakini mtu hafi kikondoo mbele ya mwanawe. Sauti Saba alinyakua kopo la chuma la kutunzia mkanda kwa mkono mzima, akalizungusha. Lilimpata mgeni kwenye taya. Jino liliruka likagonga kioo cha kidirisha na kuanguka mezani, jeupe, na mzizi wake mwekundu.

Walivamiana.

Chumba kile kilitosha mtu mmoja na projekta. Wawili walipigana humo kama paka ndani ya gunia. Mgeni alimpiga kichwa cha pua. Sauti Saba alimuuma sikio, akahisi gegedu likikatika kati ya meno. Mgeni alimkita goti mbavuni, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kitu kikavunjika humo ndani. Alimsukuma dhidi ya taa ya projekta, na shavu la Sauti Saba likaungua kwenye chuma cha moto. Harufu ya ngozi ilijaa chumba.

Kwenye skrini midomo ilikuwa inachezacheza bila neno.

"Sauti," watoto walianza kudai. "Sauti, sauti, sauti."

Dada yake, ambaye kila mtu humwita Shangazi Kufuli kwa sababu ya furushi la funguo na makufuli linaloning'inia kiunoni mwake, alipaza sauti kutoka mlango mkubwa. "Wewe, tafuna baadaye. Fanya kazi."

Kwa kawaida Sauti Saba hukatiza filamu ili atafune karanga. Ndivyo dada alivyodhani.

"Umesikia," mgeni alihema, damu ikimchuruzika kwenye kola. Alikuwa ameokota nyundo tena. "Sema. La sivyo nashuka mbele."

Sauti Saba alikishika kipaza sauti. Kupiga yowe la msaada angeweza. Lakini watoto wale walikuwa na moto bado vichwani. Yowe moja tu la hofu, wangekimbilia mlango mmoja uliopo na kukanyagana, na Kengele asiyeona alikuwa amekaa pale pale njiani.

Basi akamtumia Bibi.

"Wajukuu zangu," alisema kwa sauti ya kikongwe, ingawa kwenye skrini Bibi alikuwa anakula keki tu. "Yuko wapi yule mwenye funguo nyingi? Mimi bibi harusi ninamuita chumbani. Aje upesi. Aje na rungu."

Vichwa vyote vya ukumbi viligeuka kumtazama Shangazi Kufuli. Wakacheka mpaka wengine wakateleza vitini.

Kosa la ndugu hawa wawili lilikuwa hilo. Kila filamu, Sauti Saba alimchomekea dada yake utani: mara zimwi lina funguo kama za dada, mara malkia anakoroma kama dada. Amemtania miaka nenda rudi, na leo anaita msaada, dada anasikia utani.

Shangazi Kufuli alikunja mikono kifuani. "Leo tena," alimwambia jirani yake. "Siku nitakayomkamata, nitamnyonga kwa mikono yangu."

Juu, kuna mtu alikuwa amemtangulia.

Mgeni hakuwa mjinga. Alielewa. Aliitupa nyundo, akachomoa waya mrefu kwenye ukuta, akauzungusha shingoni mwa Sauti Saba, akaweka goti mgongoni na kuvuta.

"Ningekupiga mara moja ukalala," alimnong'oneza sikioni. "Umeyataka haya mwenyewe."

Dunia ilianza kuingia giza pembeni. Sauti Saba alikwaruza waya kwa vidole vilivyobaki. Kipaza sauti kilikuwa kimeanguka chini ya kidevu chake, swichi ikiwa wazi. Kwenye skrini, mapacha walikuwa wanamvalisha mbuzi mkufu, na mkufu ulikuwa unambana.

Kilichotoka kooni mwake kikapita kwenye spika ya kipaza sauti na kuujaza ukumbi.

Ulikuwa mlio wa mbuzi. Mwembamba, unaokatika, unaotafuta hewa.

Watu walipiga makofi. "Leo kajitahidi," mama mmoja alisema huku ameshika mbavu. "Mbuzi wa leo ni mbuzi kweli."

Mstari wa pili kutoka nyuma, mzee mmoja hakupiga makofi. Huyu ni Babu Bucha, baba wa marehemu mke wa Sauti Saba, mchinjaji mstaafu mwenye viganja kama majembe. Hakuipenda kazi ya mkwewe na hakuificha chuki hiyo. "Mwanamume mzima unabweka ukutani," alikuwa akimwambia kila Jumapili. Alikuja kwa ajili ya mjukuu tu.

Babu Bucha alisimama.

"Mzee, kaa, tunazibwa," alisema mtu nyuma ya bega lake.

"Mbuzi anakabwa kweli," alisema Babu Bucha.

"Ni filamu, mzee."

"Nimechinja tangu hujazaliwa. Anayeigiza ana hewa ya akiba. Huyo hana."

Alipanda ngazi za chumba cha sauti mbili mbili kwa magoti yake mabovu. Shangazi Kufuli alimwahi mlangoni.

"Mzee, humo haingii mtu filamu ikiwa inaendelea. Atakutania mbele za watu, mimi nakwambia."

"Lete kufuli."

"La nini?"

"Lile kubwa."

Alichomoa mwenyewe kufuli la lango kiunoni mwa Shangazi, zito kama jiwe la mizani. Kisha akarudi nyuma hatua, akaupiga mlango kwa bega. Komeo likatoka na msumari wake.

Alichokiona humo hakikumshangaza. Miaka yote ya kazi yake alikuwa ameona shingo zikibanwa. Kilichomshangaza ni kwamba shingo hii alikuwa anaitaka iishi.

Kufuli lilimpata mgeni nyuma ya sikio. Aliachia waya, akageuka na kisu kidogo ambacho hakuna aliyejua anacho, akamchana Babu Bucha mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Mzee aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kisu kibutu," alisema.

Kisha akamshika mgeni kama wachinjaji wanavyomshika fahali mkorofi: vidole viwili puani, kiganja kingine kwenye sikio, akasokota. Jitu lile refu lilianguka magoti bila kupenda. Babu Bucha akaukanyaga mkono wenye kisu. Ulilia mara moja, kama kuni kavu.

Shangazi Kufuli alikuwa ameganda mlangoni, mkono mdomoni. Alimwona mdogo wake sakafuni, shavu limebabuka, vidole vimepinda upande ambao vidole havipindi, alama ya waya ikizunguka shingo kama mkufu mwekundu.

"Ulikuwa unaniita," alisema. "Mdogo wangu, ulikuwa unaniita kweli."

Sauti Saba alijaribu kumwambia asilie. Kilitoka kikohozi chenye damu.

Nesi wa zahanati alikuwa ukumbini na watoto wake. Shangazi alizima kipaza sauti, akamfuata kimya kimya, akampandisha. Nesi alipiga magoti, akamgusa shingo kwa vidole vyepesi, akamtazama kooni kwa tochi. Alipoinua uso, hakuwa na habari njema.

"Nisikilize vizuri, kaka. Usijibu. Koo limevimba na ndani pamechanika. Ukikaa kimya kabisa, huenda kesho ukapata sauti kidogo ya kusema ulichonacho kusema. Ukilazimisha sasa, inakatika, na nimeona zikikatika zisirudi. Hata kunong'ona usinong'one."

Sauti Saba aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kesho. Kituoni. Ndiyo.

Babu Bucha alikuwa amemfunga mgeni kwa waya ule ule, fundo juu ya fundo. "Nani kakutuma?"

Mgeni alitema damu kando. "Mnajisumbua. Simjui."

"Utamjua sasa hivi."

"Nivunje mwingine ukitaka. Sijawahi kumwona. Huongea nami gizani, amesimama nyuma yangu. Naijua sauti tu." Alicheka kwa meno yaliyopungua. "Na yumo humu. Alisema atakaa ukumbini aone kama kazi imefanyika. Saa hizi anacheka na watoto wenu."



Fikiria, msomaji. Mtu asiye na uso, na mtu mmoja tu duniani anayeweza kuiiga sauti yake watu wakamtambua, naye ameambiwa asifumbue mdomo.

"Nazima," Shangazi Kufuli alisema, akiunyoosha mkono kwenye projekta. "Watoto waende kwao. Nimewapigia polisi simu, watatukuta."

"Ukizima, taa zinawaka na watu wanatoka kwa fujo, na yeye katikati yao," alisema Babu Bucha, akijifunga mkono kwa shati lake. "Ngoja. Nashuka nikasimame mlangoni. Hatapita mtu kabla sijamtazama."

Ndipo kutoka chini ikapanda sauti ndogo, iliyo wazi katika ukimya wa ukumbi.

"Baba? Mbuzi amekufa?"

Sauti Saba aliinuka kwa kushikilia meza, akachungulia kidirishani. Kwenye skrini mbuzi alikuwa amelazwa juu ya meza ya zawadi. Daktari mwenye miwani, mgeni wa harusi, alikuwa ameshachukua kisu cha keki na kukunja mikono ya suti. Familia yote imemzunguka. Bibi harusi amezirai juu ya Baba Tumbo. Ilikuwa sehemu ile, ile ambayo kila mara umeme hukatika.

Na ukumbi mzima ulikuwa umetulia, unasubiri mtu aseme kitu.

"Baba?" Kengele aliita tena.

"Mimi nitasema," Shangazi Kufuli alinong'ona. Alinyakua kipaza sauti, akakiwasha, akavuta pumzi. "Mee," alisema. "Mee, mimi mbuzi. Niko salama."

Watoto walizomea. Mtu alipiga mluzi.

"Huyo ni shangazi," Kengele alisema, na sauti yake ilianza kutetemeka. "Mbuzi wa kweli yuko wapi? Hajaamka?"

Shangazi aliweka kipaza sauti mezani kama kimemuunguza.

Sauti Saba alikitazama. Nesi aliona macho yake yanapoelekea, akaweka kiganja chake juu ya kile kipaza sauti.

"Hapana," alisema. "Kaka, hapana. Ile sauti ya mbuzi ndiyo ya juu kuliko zote. Hiyo ndiyo itakayokata. Na kesho? Na huyo mtu aliyewachoma?"

Nesi alisema kweli. Kila mwenye akili angesema vivyo hivyo. Huko kituoni kulikuwa na haki ya mtaa mzima, na haki ya macho ya mtoto huyohuyo, ikisubiri koo moja.

Lakini huko chini kulikuwa na mtoto gizani ambaye kesho angelala chini ya kisu, na alikuwa ameuliza jambo moja tu. Hakuuliza nani alichoma ghala. Aliuliza kama ukipasuliwa unaamka. Sasa hivi, kwa masikio yake, jibu lilikuwa ukimya.

Sauti Saba aliuondoa mkono wa nesi, kidole kimoja kimoja, kwa upole.

Kwenye skrini daktari aliinua pete, ikang'aa. Watu wa harusi walikumbatiana. Mbuzi alibaki amelala, kitambaa tumboni. Baba Tumbo alivua kofia. Mapacha walianza kulia bila sauti.

Kisha sikio moja la mbuzi likacheza.

Jicho likafumbuka. Mbuzi alitazama huku na huku, akaliona shela la bibi harusi, akaanza kulitafuna.

Sauti Saba alifumba macho, akafungua koo.

Uchungu ulipita kama wembe unaovutwa kwa kamba. Alihisi kitu humo ndani kikipasuka, na bado akasukuma, akasukuma, mpaka mlio ukatoka: mrefu, wa kiburi, wa mbuzi aliyeamka na njaa. Ulizunguka ukutani ukarudi. Damu ilijaa mdomoni mwake na akaendelea kuushika ule mlio mpaka Baba Tumbo alipoanza kufukuzana na mbuzi kuzunguka meza, shela likipepea nyuma yao.

Ukumbi ulisimama kwa miguu yake yote. Wazazi walirusha kofia. Watoto walilia mbuzi, mbuzi, mbuzi.

Na katikati ya kelele zote hizo, mstari wa mbele, kengele ikalia. Kicheko chembamba kisichojali, kilichopotea tangu siku ya moto, kilipanda na kupanda kama mtu anayekimbia ngazi.

Shangazi Kufuli aliangua kilio.

Filamu iliisha. Taa ziliwaka. Babu Bucha alikuwa amejaa mlangoni, mkono umefungwa shati jekundu, akimtazama kila anayepita usoni, na wazazi walidhani ni mchezo mwingine wa leo. Sauti Saba alishuka ngazi akiegemea nesi, akapita pembezoni mwa ukuta, kofia imeshushwa watoto wasimwone shavu. Alifika mbele, akapiga magoti.

Kengele alinusa. "Baba? Unanuka moshi."

Alifungua mdomo amjibu.

Hakikutoka kitu. Wala mkwaruzo. Alijaribu tena, na ilikuwa kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Baba, nimesikia," Kengele alisema, uso wake umegeukia upande usio sahihi, ukiangaza chini ya bandeji. "Wamempasua, halafu akaamka. Si ndiyo? Niambie."

Nyuma ya Sauti Saba, mtu alikuwa bado anapiga makofi. Taratibu, peke yake, baada ya wengine kuacha.

"Umemaliza vizuri, fundi," mtu huyo alisema. "Pole sana kwa koo."

Sauti Saba aliijua sauti hiyo. Aliyajua mapumziko yake, aliijua ile pumzi ndogo kabla ya neno la mwisho. Mara ya mwisho ilikuwa nyuma ya ukuta, na ilisema mwaga yote. Ilikuwa karibu kiasi kwamba angegeuka tu angemwona. Babu Bucha alikuwa mbali, mlangoni. Na yeye hakuwa na neno la kumwitia.

"Baba?" Kengele alinyoosha mkono hewani, akimtafuta. "Aliamka kweli?"

Viatu vilisogea hatua moja karibu na mgongo wa baba.

Sauti Saba hakugeuka. Aliushika mkono wa mtoto, akakifungua kiganja, akakiweka shavuni kwake, upande ule usioungua. Kisha, taratibu ili asikose hata kidogo, akainamisha kichwa chake na kukiinua: ndiyo.